Watu watatu wanaharisha, lawama zote kwa wifi

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Naandika nimechoka, na nusu ya uchovu wenyewe ni aibu, maana haya si mambo ya kusimulia mbele za watu. Nina miaka 31, nimeolewa, na nina mtoto wa miezi 10 ambaye bado ananyonya. Tunaishi na mama mkwe pamoja na wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Wifi ndiye anayepika na kunishikia mtoto ninapokuwa kazini.

Wiki 9 zilizopita karibu nyumba nzima iliugua tumbo. Alianza mume wangu, usiku, kutapika na kuharisha maji matupu. Kesho yake jioni nikafuata mimi, kisha mama mkwe. Wenzangu walikuwa wazima siku ya 3. Mimi mpaka leo sijarudi katika hali yangu. Kila asubuhi naingia chooni mara 4 au 5 kabla ya saa 4. Choo ni kama uji, tumbo limejaa gesi na linanguruma hadi wenzangu kazini wananigeukia. Mchana hupungua. Usiku nalala bila kuamka. Damu sijaona, ila nguo zimeanza kunipwaya.

Ili mtoto asikose maziwa nimejizoesha kunywa maziwa ya ng'ombe, glasi 3 hadi 4 kwa siku. Pia nina kiungulia tangu ujauzito, kwa hiyo natafuna vidonge vya kiungulia kila baada ya kula. Nilipima choo mara moja nikaambiwa hakuna kilichoonekana. Hata hivyo nimeshanunua metronidazoli mara 3. Kila mara siku ya pili naona nafuu, naacha, baada ya wiki inarudi.

Sasa mtoto naye. Leo ni siku ya 4 anaharisha maji, mara 6 hadi 8 kwa siku, na siku ya kwanza alitapika. Mama mkwe anasema ni meno, kweli mawili ya juu yanachomoza. Akanishauri nimpunguzie kunyonya ili tumbo lipumzike, na tangu jana nimefanya hivyo. Mume wangu ameleta kidonge cha kuzuia kuharisha, anataka nimpe mtoto nusu. Bado sijampa.

Kinachonitesa ni wifi. Nimemwona zaidi ya mara moja akibadilisha nepi, akasuuza mikono kwa maji tu, akaenda kukata matunda. Juzi baada yake niliona ute wenye damu kwenye sinki la choo. Nilipomuuliza akasema ni siku zake, akainamisha kichwa. Mimi nimeamini yeye ndiye aliyetuletea ugonjwa huu na nimemwambia mume wangu kwamba dada yake arudi kwao. Amenijibu, "Utamfukuza dada yangu kwa sababu ya choo?" Mama mkwe haniongeleshi. Nimwondoe wifi nipone, au ninyamaze niendelee kuharisha ili nyumba itulie?

Nimechoka Kuharisha

JIBU

Dada mpendwa, pole sana. Umeuliza kuhusu wifi, na nitamfikia. Lakini tuanze na mtoto, maana katika nyumba hiyo ndiye ambaye hali yake inaweza kugeuka ndani ya saa chache.

Mrudishie ziwa sasa, tena umnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida. Ushauri wa kulipumzisha tumbo una mantiki masikioni, ila utumbo haufanyi kazi hivyo. Unapoharisha, maji yanaendelea kumiminika hata kama hakuna kinachoingia, kwa hiyo mtoto aliyenyimwa maziwa anaendelea kutoa huku harudishiwi.

Pamoja na ziwa mpe maji ya ORS. Soma pakiti kwanza: nyingi ni za lita 1, lakini zipo za kiasi kidogo zaidi, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Pakiti nzima, kwa kiasi kilekile cha maji kilichoandikwa. Usiigawe kwa macho, usiongeze sukari ili anywe vizuri, usiichemshe baada ya kuchanganya. Ikipita saa 24 mwaga, changanya nyingine. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapotoa choo cha maji. Kijiko cha chai kina mililita 5, kwa hiyo hesabu vijiko 10 hadi 20, kidogo kidogo. Akitapika subiri dakika 10, kisha anza tena kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Pakiti ikikosekana kabisa: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Sukari ikizidi huvuta maji kuyaingiza utumboni, na kuharisha kukaongezeka.

Chumvi na sukari zinawekwa pamoja kwa sababu kwenye ukuta wa utumbo mwembamba upo mlango ambao chumvi na glukosi, aina ya sukari, hupita zikiwa zimeshikana mikono, na maji yakifuata nyuma. Hata vijidudu vinapovuruga njia nyingine za kufyonza, mlango huo kwa kawaida hubaki unafanya kazi. Maji matupu hayaupati msaada huo. ORS haizuii kuharisha siku hiyohiyo, na wengi huiacha kwa kudhani imeshindwa. Kazi yake ni kumfanya mtoto asikauke wakati ugonjwa unapita. Zinki ndiyo husaidia kufupisha siku zenyewe: kwa aliyezidi miezi 6 ni miligramu 20 mara moja kwa siku kwa siku 10 hadi 14, hata choo kikishakaza.

Kile kidonge cha kuzuia, umefanya vyema kusita. Endelea kusita. Hupunguza mwendo wa utumbo, na kwa mtoto mdogo kinaweza kuusimamisha utumbo kabisa, tumbo likajaa, akalegea kwa usingizi usio wa kawaida.

Mwangalie haya: utosi au macho yamezama, analia bila machozi, nepi imekaa kavu saa 6, hataki kunywa au anakunywa kwa pupa, amelegea. Finya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili pembeni ya kitovu kisha uachie. Ikirudi polepole, maji yamepungua. Moja kati ya hayo, au damu kwenye choo, au kutapika kila kitu, ni safari ya hospitali bila kungoja asubuhi. Na kwa kuwa ni siku ya 4 na ameshapunguziwa maziwa, apelekwe leo hata kama huoni lolote kati ya hayo.

Kuhusu meno, mama mkwe hakukosea macho. Meno kweli yanatoka na mtoto kweli anaharisha. Kosa ni kuviunganisha. Jino halileti choo cha maji mara 8 pamoja na kutapika. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na ndio wakati kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwako imepungua. Kutapika kwanza kisha kuharisha maji ni sura ya virusi kama vya rota. Hata aliyechanjwa anaweza kuvipata, ingawa mara nyingi huugua kwa wepesi zaidi.

Sasa vuta pumzi turudi kwenye nyumba nzima. Barua yako imeandikwa kana kwamba kuna ugonjwa mmoja unaotembea kutoka kwa mtu hadi mtu. Mimi nikiisoma naona matumbo matatu yenye sura tatu tofauti.

Kuhara ni kupata choo laini au cha maji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, au zaidi ya mazoea ya mtu mwenyewe. Kwa siku moja lita kama 9 za maji huingia kwenye utumbo. Lita 2 hivi tumekunywa na kula, zilizobaki ni mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Karibu yote hufyonzwa, mililita 100 hadi 200 tu ndizo hutoka na choo. Ndiyo maana hitilafu ndogo inakupeleka mbio. Inaweza kuwa kuna kitu utumboni ambacho hakikufyonzwa, kinayavuta maji. Inaweza kuwa sumu ya kijidudu inaulazimisha ukuta kumwaga maji, kama kipindupindu, ambacho hutoa maji kama yaliyooshea mchele na kinaweza kumkausha mtu mzima kwa saa chache. Ukuta wenyewe unaweza kuwa umejeruhiwa, ndipo damu na ute hutokea. Au utumbo unakwenda kasi hata maji hayapati nafasi ya kufyonzwa. Mara nyingi njia hizi huchanganyika.

Wahudumu wa afya hugawa pia kwa sura na muda: kuhara maji kwa siku chache, kuhara damu, na kule kunakofika siku 14 au zaidi. Kukipita wiki 4 kwa mtu mzima huitwa kuhara sugu. Mtoto wako yuko kwenye fungu la kwanza. Wewe uko la mwisho. Na wifi, kama ulichokiona ndicho, huenda yuko la katikati.

Hapo naomba tukae kidogo. Umeona ute wenye damu, ukamwuliza, akainamisha kichwa. Inawezekana kabisa zilikuwa siku zake. Inawezekana pia ana kuhara damu na anaogopa kusema katika nyumba ambayo tayari inamtazama. Umewahi kumwuliza kama anaumwa? Si kama ndiye aliyeleta ugonjwa, bali kama tumbo linamkata, kama anakwenda mara nyingi na kutoa kidogo tu, kama akimaliza bado anahisi kuna kitu hakijatoka, kama ana homa. Akikubali, apelekwe kupimwa. Damu ya namna hiyo huletwa mara nyingi na bakteria kama shigela au kampilobakta, na mara nyingine amiba, na dawa zake hazifanani. Metronidazoli yako iliyobaki haitibu shigela, kwa hiyo usimpe. Kidonge cha mume wako cha kuzuia kuharisha nacho hakimfai, maana hufungia vijidudu ndani.

Sasa lile la chanzo. Kwa maelezo yako mwenyewe, wa kwanza kuugua alikuwa mume wako, na wifi hukumtaja kati ya waliougua wiki ile. Ugonjwa ulioanza ghafla usiku, ukamfikia wa pili ndani ya siku moja au mbili na kuisha siku ya 3 unafanana zaidi na virusi kama norovirusi, ambavyo huchukua saa 12 hadi 48 kujitokeza na hupita kwa mikono, matapishi na vitasa vya milango. Mume wako angeweza kuvileta kutoka popote. Mtoto naye angeweza kupata chake kwa yeyote kati yenu wanne, wewe ukiwemo.

Sisemi mikono ya wifi haina shida. Uliyoyaona ni shida ya kweli. Shigela inahitaji vijidudu visivyofika 100 kumwambukiza mtu, na kusuuza kwa maji hakuviondoi. Lakini niambie, wewe na mume wako mnanawa vipi baada ya nepi? Sabuni, sekunde 20, kati ya vidole na chini ya kucha, maji yanayotiririka, kisha kukausha. Dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti ni dhaifu kwa norovirusi, isichukue nafasi ya sabuni. Nepi ibadilishwe mbali na jikoni. Kisha sheria moja kwa wote: anayeharisha asipike wala asiandae chakula cha wengine mpaka zipite saa 48 tangu choo laini cha mwisho. Ukiisoma vizuri sheria hiyo, nawe imekugusa.

Akiondoka leo, kuna hatari mbili. Kama ana kuhara damu, anasafiri mgonjwa bila tiba na kuupeleka kwenye nyumba nyingine. Na kama tatizo lako halikutoka kwake, utabaki na tumbo lilelile, mume aliyeumia na mtoto asiye na mlezi. Akibaki na msibadilishe chochote, hatari nayo ipo, kwani mikono ile itaendelea kukata matunda. Kuna njia nyingine, ambayo ni kumpumzisha jiko kwa siku chache kama mgonjwa, wala si kama mshitakiwa, kila mtu apimwe kwa shida yake, ndipo mzungumze habari za kuishi pamoja. Njia hiyo nayo ina gharama: lazima mtu mwingine apike, na lazima wewe umeze maneno uliyokwisha kuyasema. Ipi inabebeka, mnajua ninyi mnaoishi humo.

Nimebaki na wewe. Virusi vya tumbo kwa mtu mwenye kinga ya kawaida havikai wiki 9. Kwa hiyo swali la "nani ameniletea" huenda limeshapitwa na wakati. La sasa ni "nini kinaendeleza", na katika barua yako naona watuhumiwa wawili ambao unawameza kila siku.

Wa kwanza ni vile vidonge vya kiungulia. Soma lebo. Vingi vina magnesiamu, ambayo ukiitumia mara 3 kwa siku hulainisha choo kwa kuvuta maji. Wa pili ni maziwa. Maradhi ya tumbo hukwangua ncha laini za utumbo mwembamba, na hapo ndipo hutengenezwa kimeng'enya cha kuvunja laktosi, sukari ya maziwa. Kikipungua, laktosi hushuka utumbo mpana ikiwa nzima, huvuta maji, bakteria huichachua, gesi inajaa, tumbo linanguruma. Kwa wengi hali hii hupita yenyewe baada ya wiki kadhaa, lakini ukiumwagia utumbo glasi 4 kwa siku unaongeza mzigo palepale panapouma. Maziwa yako ya kunyonyesha hayatokani na maziwa unayokunywa. Yanataka maji, chakula cha kutosha na mtoto anayenyonya.

Usiviache vyote siku moja, hutajua kipi kilikuwa chenyewe. Mwombe mfamasia dawa ya kiungulia isiyo na magnesiamu inayomfaa anayenyonyesha, jiangalie siku 5. Kisha acha maziwa kwa siku 14. Andika kila siku saa ya choo, sura yake, ulichokula na dawa. Jipime uzito mara moja kwa wiki kwenye mizani ileile, kwani nguo kupwaya si kipimo, hasa kwa anayenyonyesha.

Sambamba na hayo yupo mtuhumiwa wa tatu, giadia, kimelea cha utumbo. Choo chake mara nyingi hunuka vibaya, kina mafuta, huelea na hakisukumiki kirahisi. Je, chako kiko hivyo? Kipimo kimoja kisicho na kitu hakimwondoi, kwa sababu vimelea hivyo hutoka siku moja na kupotea siku nyingine. Omba sampuli 3 za siku tofauti, au kipimo cha antijeni, kinachotafuta chembe za kimelea hicho kwenye choo, kama kipo. Chukua choo kwenye kikopo kikavu, kisichanganyike na mkojo wala maji ya chooni, na ukifikishe maabara kikiwa bado kibichi. Usinywe metronidazoli kabla. Dozi nusu mara 3 inaweza kuwa imevipunguza kiasi cha kujificha maabara bila kufa. Na ile nafuu ya siku ya pili huenda haikuwa ya dawa, kwani tumbo la namna hii lina mawimbi yake.

Yote yakikosekana, baadhi ya watu hubaki na utumbo mwepesi kushtuka kwa miezi baada ya maambukizi, na kulala usiku kucha kama wewe kunaelekea huko. Lakini asikupe jina hilo mtu ambaye hajakupima damu. Kwa kuhara wiki 9 na mwili kupungua, daktari ataangalia wingi wa damu, tezi ya shingo, ugonjwa wa siliaki, ambapo kinga ya mwili huujeruhi utumbo mtu anapokula ngano, na virusi vya Ukimwi. Hicho cha mwisho kisikushtue, ni kipimo cha kawaida kwa kuhara sugu, na kwa mama anayenyonyesha majibu yake yana maana kwa wawili. Ukianza kuamka usiku kwa choo, ukiona damu, ukipata homa au uzito ukishuka wiki hadi wiki, usimalize majaribio ya maziwa kwanza, nenda.

Aibu naielewa. Ukifika mbele ya daktari huhitaji hotuba. Sema hivi: "Wiki 9, mara 4 au 5 kila asubuhi, choo kama uji, gesi nyingi, hakuna damu, usiku siamki, nimekatiza metronidazoli mara 3, nanyonyesha." Sentensi hiyo moja ina karibu kila anachohitaji ili aanze.

Na nepi ya leo jioni ibadilishe wewe. Ukimaliza mwite wifi, naweni pamoja kwenye bomba moja kwa sabuni, pole pole, bila kumfundisha. Kisha mwulize tumbo lake linaendeleaje.